Bi harusi ambaye siku zake hazikuja

Najua wengi mnaisubiri ile mada ya udi wa harusi niliyoahidi, na inakuja inshaallah. Leo nina jambo jengine. Nimekaa nalo tangu mwaka jana, na mwenyewe ndiye aliyenambia niliandike, kwa sharti nibadilishe yale yatakayomtambulisha. Nimebadilisha.

Nilivuka na boti kwenda Dar es Salaam kumtia singo mtoto wa kaka yangu. Kaka anakaa Kiwalani, upande wa Bombom, mwaka wa ishirini sasa. Kwa mlioko Unguja msiopajua, Kiwalani ni mtaa wa nyumba zilizobanana karibu na uwanja wa ndege, na ndege zinapita juu ya mabati kwa kelele mpaka mazungumzo yanakatika. Watu wananyamaza, ndege inapita, wanaendelea walipoishia.

Harusi ilibakia wiki tatu. Tulijifungia chumbani mie na bi harusi wangu, liwa kwenye kibakuli, nikamuuliza lile swali ambalo kila shangazi na kila somo anauliza: mwanangu, nambie tarehe zako, tusije tukakuingiza ndani ukiwa kwenye siku zako. Akanyamaza. Ndege ikapita. Ilipokwisha akasema, "Shangazi, mie sijawahi."

Nilidhani sijamsikia vizuri. "Hujawahi nini?"

"Kuona."

Ana miaka 21. Kifua cha msichana, nyonga za msichana, sauti ambayo ukiisikia madrasa kwenye kaswida unageuka kutazama ni nani. Kitu kimoja tu nilikuwa nimekiona siku ile, nikakichukulia kuwa ni neema: ile kazi ya kumsafisha bi harusi nywele za mwili kwake haikuwepo. Hana.

Nikamuuliza, "Basi na Ramadhani?" Kwa sababu nyumba za Kiislamu tunajuana. Hata kama hakuna anayesema, kila mtu anajua nani leo hafungi, na Shaaban ikiingia wanawake wote wa nyumba wanahangaika kulipa kadha. Msichana aliyebaleghe ambaye hana deni la funga hata siku moja anaonekana. Akasema, "Mama ananipikia uji."

Hapo ndipo niliponyanyuka nikaweka kibakuli chini. Kwa Ramadhani nne, siku sita sita, wifi yangu alikuwa akimpikia mwanawe uji mchana, anaupeleka chumbani, mtoto anakula huku mlango umerudishwa kidogo ili bibi yake apite aone. Bibi yake ni mama yangu mzazi, na macho yake hayapitwi na kitu. Mtoto tahara, mzima, hana udhuru, anakula mchana wa Ramadhani ili aonekane ni mwanamke kama wengine.

Nilimkasirikia wifi, sitaki kusema uongo. Lakini nilipokaa naye jikoni aliniambia, "Ningesema kwa nani, wifi? Kila mwezi nilisema mwezi ujao." Yeye mwenyewe alichelewa kuvunja ungo, mama yake alichelewa, akajipa moyo. Halafu posa ikaja, mahari yakapokewa, na sasa kila siku ilikuwa ngumu kusema kuliko ya jana yake.

Harusi tukaiahirisha kwa kisingizio cha ugonjwa wa mzee mmoja huku Unguja. Tukampeleka mtoto hospitali. Hospitali gani sisemi, kwa sababu kuna muuguzi mmoja aliyesoma karatasi akamwambia mwenzake ukumbini, "Kumbe dume," na tulikuwa tumekaa hatua tatu kutoka alipo. Daktari, mwanamke, alikuwa mtu wa namna nyingine. Altrasaundi haikuona kizazi. Iliona tezi mbili ndani ya tumbo ambazo hazikuwa ovari. Majibu ya damu yalichukua wiki kadhaa, na yalipokuja yalisema kromosomu zake ni X na Y, ambazo ndizo za mwanamme.

Daktari alieleza hivi. Mtoto akiwa tumboni, ile Y huamrisha tezi ziwe za kiume, na tezi hutoa homoni zinazoujenga mwili wa kiume. Kwa huyu, amri ilitoka na homoni zikatoka, lakini mwili wake tangu mwanzo haukuwa na masikio ya kuzisikia. Mwili usiosikia homoni za kiume hukua kuwa wa kike: maumbile ya nje ya kike, baadaye kifua, nyonga, ngozi laini, nywele za mwili kidogo au hakuna. Ndani ndiyo hakuna kizazi, kwa hiyo hakuna hedhi. Ni hali adimu, mmoja katika watoto 20,000 au zaidi. Na haimaanishi kwamba kila asiyeona siku zake yuko hivi. Kuna wanaochelewa tu, wapo wenye matatizo ya tezi, na yupo takriban msichana mmoja katika 5,000 anayezaliwa bila kizazi au na kizazi kisichokamilika huku kromosomu zake ni za kike tupu. Nayasema haya kabla hujamtazama mwanao kwa jicho baya.

Nyumbani habari ilifika kwa watu wanne. Mmoja wao, baba mdogo, akasema, "Basi huyu ni mwanamme. Miaka yote amejidanganya na ametudanganya sisi." Na pumzi hiyo hiyo akauliza itakuwaje kiwanja cha marehemu babu kikigawiwa, maana mtoto wa kiume ana mafungu mawili. Jamani! Nimeshaona mara nyingi, likitajwa jambo la jinsia katika familia zetu, wa kwanza kuamka ni wa mirathi.

Lakini lililonikosesha usingizi ni swali la mtoto mwenyewe. "Shangazi, kwa hivyo nilikuwa nakosea? Nilikuwa nasali safu ya wanawake, nalala na wenzangu chumba kimoja dahalia, wao hawajui na mie sijui. Nilikuwa nakosea?"

Hilo ndilo ninalotaka kulijibu hapa, maana tangu siku ile nimelisoma na kuliuliza kwa watu wenye elimu kuliko mie. Mtu anaweza kukosea kuhusu jinsia yake mwenyewe?

Nianze na ninachokubali. Kuna mambo ya mwili wetu hakuna anayeyajua. Wewe unayenisoma, umewahi kupima kromosomu zako? Mie sijawahi. Nimejua kuwa ni mwanamke kwa sababu mkunga alinitazama akamwambia mama, mama akanitoboa masikio, na baadaye mwili wangu ukaja kusema hivyo hivyo. Kwa wengi wetu mkunga, mwili na moyo vimekubaliana, ndiyo maana hatujawahi kuulizwa swali hili. Mtoto wetu hakujua kilichomo ndani ya damu yake. Kutojua huko si kukosea, na kujidanganya ndiyo kabisa si neno lake. Kama kuna aliyekosea ni sisi tuliokuwa na macho na miaka sita ya kuuliza.

Tukiangalia visa vinavyojulikana duniani, mara nyingi anayekosea si mwenyewe bali waliomtazama. Kanada alizaliwa mtoto wa kiume mwaka 1965, David Reimer. Akiwa mchanga alitahiriwa kwa mashine ya umeme, uume ukaungua. Bingwa mmoja wa chuo cha Johns Hopkins Marekani, John Money, akawashauri wazazi wamlee kama msichana, mtoto atazoea. Akavishwa magauni, akapewa jina la kike, akapewa na homoni. Hakuzoea. Alipoambiwa ukweli akiwa na miaka kama 14 aliamua kuishi kama mwanamme, akaja akaoa. Alijiua mwaka 2004. Kwa miaka bingwa yule aliandika kwamba jaribio limefanikiwa, na vitabu vikasomeshwa kwa kauli yake. Mtoto ndiye aliyekuwa sahihi.

Na Jamhuri ya Dominika kuna vijiji ambako huzaliwa watoto wanaoonekana wa kike, wanalelewa wa kike, na wakifika miaka 12 hivi sauti inakuwa nzito na maumbile ya kiume yanatoka. Watafiti walioandika habari zao miaka ya 1970 waliwahesabu 18 waliolelewa kikamilifu kama wasichana. Kumi na saba katika wao walikuja kujitambua kuwa ni wanaume. Mmoja hakubadilika, alibakia mwanamke. Huyo mmoja nampenda sana, kwa sababu anaharibu hesabu ya kila mtu anayetaka kipimo kimoja cha kumaliza maneno.

Sasa njoo kwetu. Wengi wetu tunafikiri haya ni mambo mapya yaliyokuja na simu. Si kweli. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa na mwamuzi wao mkubwa, Amir bin Dharib. Aliletewa mtu mwenye maumbile mawili ili aseme arithi kama nani, usiku mzima akagaagaa kitandani. Mjakazi wake Sukhayla, aliyekuwa akimchungia mbuzi na kila siku akigombezwa kwa kuchelewa, akamuuliza una nini. Alipoambiwa akasema, tazama anakojolea wapi. Bwana akapumua, na hukumu hiyo ikaja ikathibitishwa katika Uislamu. Mwanamke wa zizini ndiye aliyetatua.

Mafakihi wakalijenga juu ya hapo. Mtu wa namna hii wakamwita khuntha, sisi tunasema huntha, na aliyeshindikana kujulikana wakamwita huntha mushkil. Pwani yote hii ni madhehebu ya Imam Shafi, na Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kimesomeshwa darsani Unguja, Lamu na Mombasa vizazi kwa vizazi. Kitabu chake kikubwa zaidi, Majmuu, kina fasili nzima ya huntha, nayo iko pahala usipopatarajia, katika mlango wa yanayotengua udhu. Shekhe mmoja wa hapa mjini alinisomea siku mbili, mie upande wa pili wa pazia na daftari langu.

Nilitarajia ukali. Nilichokuta ni watu wanaoogopa kukosea. Wanaangalia mkojo kwanza, kisha yanayokuja na balehe. Ndevu hazitoshi, kifua hakitoshi, na wale waliokuwa wakihesabu mbavu kauli yao inawekwa kando. Ikiwa dalili zote zimekataa kusema, basi anaulizwa mwenyewe, baada ya kubaleghe na akili timamu: maumbile yako yanakuelekeza kwa wanaume au kwa wanawake? Anachojibu kinakubaliwa. Haruhusiwi kujibu kwa kutamani tu, ila kwa kile anachokiona ndani ya tabia yake. Akishajibu, hukumu zote za dini zinafuata neno lake, na hawezi kuamka kesho akasema nimegeuza.

Halafu wanazuoni wakauliza swali letu lile lile: je, ikiwa alikosea? Akisema mimi mwanamme, kisha akashika mimba? Hapo tu, wanasema, kauli yake inaanguka, kwa sababu jambo la kuonekana kwa macho limeikataa. Tazameni walipouweka mlango. Wamekubali kuwa mtu anaweza kukosea, lakini kinachomkosoa ni mimba. Uvumi wa jirani haumkosoi, wala baba mdogo mwenye hesabu ya kiwanja.

Sisi wanawake hili tusione geni. Nani anakuja kukukagua unaposema nina hedhi? Aliyeachwa akisema edda yangu imekwisha, na muda unawezekana, anaaminiwa, kwa sababu ni jambo asiloweza kulijua mwengine ila kwa kauli yake. Dini imetuamini kwenye mambo ambayo nasaba za watu zinasimama juu yake.

Mtoto wetu lakini hata si mushkil. Nje ya mwili wake hakuna utata wowote, na hao mafakihi wa kale hawakuwa na kipimo cha damu cha kuwatatiza. Kwa hiyo nikatafuta waliokuwa nacho. Malaysia ni Shafi kama sisi, na Baraza lao la Fatwa la Taifa lilikaa mwaka 2006 juu ya hali hii hii kwa jina lake. Wakasema kumrudisha kwenye kromosomu zake ni vigumu na kutamdhuru, basi aishi maisha yake kama kawaida, na hukumu yake ifuate maumbile yake ya nje. Zile tezi za ndani zinaweza kutolewa kwa kuhofia saratani. Na ikiwa imegundulika baada ya ndoa, mume na mke wakitaka kuendelea, ndoa inaendelea. Nilimsomea shekhe wetu, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema atawauliza wenzake pia, nami naheshimu hivyo.

Nikamjibu mtoto: hukukosea. Ulisali pahala pako na ulilala na wenzako.

Najua litakalokuja kwenye ujumbe wenu: Bibi, kwa hivyo kila mtu aseme anavyojisikia? Hapana, sijasema hivyo, na mafakihi hawakusema. Waliokutana Makka Februari 1989 kwenye Baraza la Fiqhi la Rabita walisema mwenye maumbile kamili ya kiume au ya kike haruhusiwi kuyageuza, na mwenye alama za pande mbili hutazamwa zilizozidi na kutibiwa. Misri mwaka uliotangulia walikuwa na kelele juu ya mwanafunzi wa udaktari aliyefanyiwa upasuaji akawa Sally, na Mufti wa wakati ule, Shekhe Tantawi, alitenganisha kati ya kudhihirisha kilichofichika ndani ya mwili, akilisema daktari wa kuaminika, na kutamani tu kugeuka. Mie nasimama hapo walipo. Lakini hata kwa yule ambaye mwili wake hauna utata na moyo wake una shida, huyo huyo Nawawi alipoeleza hadithi za wanaume wenye mwenendo wa kike alitofautisha aliyeumbwa hivyo, asiyelaumiwa kwa asilolichagua, na anayejifanya. Wanaorusha maneno barazani hawajafika kwenye ukurasa huo.

Linalonisumbua zaidi ni sitri. Wakumbukeni wanawake watatu waliosimama jukwaani Rio mwaka 2016 kwa mbio za mita 800: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi, Margaret Wambui wa Kenya. Wote walizaliwa wakaitwa wasichana, wakalelewa wasichana. Mwaka 2019 kanuni za homoni za shirikisho la riadha zikaanza kutumika, na mbio zile zikawafungia mlango mpaka wapunguze homoni kwa dawa. Niyonsaba akahamia mbio ndefu. Kama ni haki kwa wanaoshindana nao, hilo ni la watu wa michezo na wana hoja zao. Lakini dunia nzima ilikaa kwenye vioo vya televisheni ikijadili sehemu za siri za mabinti wa watu. Fakihi wa miaka mia saba iliyopita alimuuliza mtu faraghani na akaamini jibu.

Majirani zetu Kenya wameanza kulitazama kwa adabu zaidi. Kuna mtoto aliyezaliwa Nairobi mwaka 2009, na kwenye karatasi ya hospitali, pahala pa jinsia, pakawekwa alama ya kuuliza. Mama yake akaenda mahakamani, na Desemba 2014 jaji akaiagiza serikali iweke utaratibu wa watoto kama huyu. Sensa yao ya 2019 ikawahesabu watu 1,524 wenye jinsia tata, na mie nadhani waliojificha ni wengi kuliko hao. Sheria yao ya Watoto ya 2022 inawataja. Watu hawa wapo, wana mama zao, na mama zao wanapika uji.

Kwa hiyo mama, hebu tusemezane. Msichana akifika miaka 15 hajaona siku zake, au 13 na kifua hakijaanza kabisa, mpeleke hospitali. Usingoje posa. Muhimbili wapo mabingwa wa homoni za watoto, na hospitali ya mkoa inaweza kukuandikia barua ya kwenda huko. Nenda naye mwenyewe, na ukisikia neno la ukumbini kama nililolisikia mie, simama umwambie aliyesema. Zile tezi za tumboni si za kukimbilia kutoa; daktari anapima wakati, na zikitolewa mtoto anahitaji homoni ili mifupa yake isidhoofike.

Na ukijifungua mtoto ambaye mkunga anasita kusema ni wa kike au wa kiume, usikubali mtu akuharakishe jina wala akuharakishe kisu. Baadhi ya watoto hawa wana tatizo la tezi zilizo juu ya figo, mwili unapoteza chumvi, na wiki za mwanzo wanatapika, wanalegea, wanakufa watu wakidhani ni tumbo. Hilo ndilo la haraka. Sura ya maumbile inaweza kungoja, na mafakihi wetu waliweza kungoja mpaka balehe: hata fungu la mirathi walimpa kile cha yakini na chenye shaka wakakiweka mpaka jambo lidhihirike.

Wale wanaosema tuwaoze mapema, mabinti wakiwa na miaka 15 kama Sheria ya Ndoa ya 1971 ilivyoruhusu kwa ridhaa ya mzazi, kabla Mahakama ya Rufani mwaka 2019 haijasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba: katika umri huo hata daktari ndiyo kwanza anaanza kuuliza. Unamwingiza ndani mtoto ambaye mwili wake haujamaliza kusema.

Masomo na makungwi, lile swali la tarehe tunaliuliza wiki ya harusi, na tunaliuliza kwa ajili ya shuka. Tuliulize mapema, kwa ajili ya mtoto.

Kuhusu bwana harusi. Wifi alitaka tunyamaze, ndoa ipite, halafu Mungu atajua. Nilikataa na mtoto alikataa. Mtu anayeoa ana haki ya kujua kwamba hatopata mtoto kwa mke huyu, na kujua kabla ya kusema nimekubali. Lakini anayeamua aambiwe nini na nani amwambie ni bi harusi. Alimchagua baba yake na shekhe. Kijana alisikiliza, akaomba mwezi. Baada ya Idi mjumbe wao akaja, akasema riziki haikuandikwa. Mahari wakakataa kurudishiwa. Mpaka leo hakuna jirani wa Kiwalani aliyesikia neno kutoka nyumba ile. Wanadhani tuligombana juu ya ukumbi. Kijana yule simlaumu, na sitri yake nitaikumbuka.

Mtoto alilia wiki mbili, akaacha. Sasa anasomea ushonaji wa magauni ya harusi, na mkononi ni mwepesi kunishinda. Baba mdogo bado hajafahamu, ila shekhe alimwambia fungu la binti ni fungu la binti, akanyamaza.

Limebaki la uji. Shekhe alisema mtoto alikuwa ameshatimiza miaka 15 ya mwezi, kwa hiyo ni baleghe hata kama hakuona kitu. Zile siku ni deni lake kwa Mungu, siku 24, pamoja na kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku, kwa kuchelewesha. Wifi aliposikia alikaa chini. Kisha akasema atafunga naye, siku kwa siku, ingawa shekhe alimwambia funga yake haitolipa ya mwanawe. Wanafunga Jumatatu na Alkhamisi. Jioni anapika uji, huo huo, wanafuturu nao wote wawili barazani, mbele ya bibi.

Wiki iliyopita niliamka nikakuta ujumbe kwenye simu: "Shangazi, zimebaki tisa."